Baridi ya mwezi wa sita: kiangazi kilikuwa kizuri kwa nani huku Lubumbashi?



Vakansi kubwa ziko karibu, na wengi wetu tunarudi nyumbani: Kamalondo, Kenya, Katuba, Ruashi, wengine Likasi na Kolwezi. Kila mwaka wakati huu tunasikia neno moja lilelile: mvua imekwisha, mbu wamepungua, malaria imeshuka, kwa hiyo mu kiangazi batu beko bazima. Neno hilo lina nusu ya ukweli. Mbu kweli wanapungua. Lakini nenda uangalie foleni kwenye dispanseri ya mtaa wako mwezi wa sita na wa saba, utakuta watoto wanakohoa, wazee wanapumua kwa shida, na mama fulani aliyeletwa asubuhi hajitambui kwa sababu alilala na mbabula ndani ya chumba.

Leo ninataka tuzungumze historia ya jambo hili. Maana hata huo msemo kwamba kiangazi ni msimu wa afya una historia yake, na watu waliousema kwanza hawakuwa wazee wetu.

Tuanze na hali ya hewa, kwa haraka, kwa sababu wasomaji wetu wa Kinshasa na Kisangani hawatuamini tukisema kwamba Congo kuna baridi. Lubumbashi iko juu, karibu metre 1,200 kutoka usawa wa bahari. Mvua inakatika kuanzia mwezi wa nne, na kutoka mwezi wa tano hadi wa tisa unaweza usione hata tone. Mbingu ni nyeupe, bila wingu, na ndiyo sababu usiku joto lote la mchana linapanda juu na kupotea. Mwezi wa sita na wa saba, alfajiri inaweza kushuka chini ya digri 10. Halafu mwezi wa tisa na wa kumi jua linarudi kwa nguvu, zaidi ya digri 30, kabla ya mvua ya kwanza. Kwa hiyo hicho tunachoita kiangazi ni vitu viwili: kwanza baridi na vumbi, kisha joto na vumbi. Anayekuja kutoka bonde la chini, tuseme Bukama au pembeni ya ziwa Moero, anakutana na usiku ambao hakuzaliwa nao.

Sasa turudi 1910.

Mwaka ule treni kutoka kusini, yaani kutoka Rhodesia, ilifika mahali ambapo Wabelgiji walikuwa wanapima barabara za mji mpya na kuuita Elisabethville. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa imezaliwa 1906, na 1911 tanuru la Lubumbashi likatoa shaba yake ya kwanza. Madini yalitoka karibu tu, kwenye mgodi wa Étoile, pale wazee walipopaita Kalukuluku. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa watu wa kufanya kazi. Nchi ya pembeni haikuwa na wakaaji wengi, na waliokuwepo walikuwa na mashamba yao na hawakuwa na haraka ya kwenda kuchimba. Ndiyo maana mwaka huohuo wa 1910 ikaundwa Bourse du Travail du Katanga, shirika la kutafuta wafanyakazi. Watu wake walizunguka vijijini, walizungumza na machifu, na mara nyingi mazungumzo hayo hayakumwachia kijana nafasi ya kusema hapana.

Wazungu waliofika wakati ule waliogopa nini? Waliogopa jua! Vitabu vya waganga wa wakati ule vilifundisha kwamba mwanga wa jua la Afrika unaweza kupenya fuvu la mtu mweupe na kuharibu ubongo wake. Ndiyo sababu kila picha ya zamani ya Elisabethville inatuonyesha wazungu na kofia zile ngumu, hata chini ya kivuli. Wengine walivaa kitambaa kinene kwenye uti wa mgongo, eti jua lisipitie huko. Hofu hiyo ilidumu mpaka karibu na vita ya pili ya dunia, kisha ikapotea polepole, na kofia zikabaki kwenye majumba ya makumbusho na kwenye vichwa vya wasanii wa maigizo. Kwa mtu wa namna hiyo, kiangazi cha Katanga kilikuwa zawadi: hewa baridi, jua lisilochoma sana, mbu wachache, usiku wa kujifunika vizuri kama Bulaya. Alikuwa na nyumba ya matofali, sehemu ya kuwasha moto yenye shimine ya kutoa moshi nje, na blangeti mbili au tatu. Yeye ndiye aliyesema: huu ni msimu wa afya. Kwake ilikuwa kweli.

Kijana aliyeletwa na Bourse alikuwa na blangeti moja, kama alikuwa nayo.

Fikirini safari yake. Anatoka kijijini, anatembea kwa miguu majuma kadhaa, chakula cha njiani ni kidogo na hakikuzoeleka tumboni. Anafika amekonda. Anawekwa kwenye kambi, chumba kimoja na wanaume wengi, wanalala wamebanana kwa sababu ya nafasi ndogo na pia kwa sababu ya baridi. Alfajiri, wakati umande ni mzito, anatoka kwenda kwenye mgodi ulio wazi. Katanga ya mwanzo ilichimba shaba juu ya ardhi, kwa hiyo mtu alikuwa anapigwa na upepo wa kusini-mashariki mchana kutwa, na jasho lake lilikauka mwilini. Jioni anarudi, moto katikati ya chumba, moshi umejaa, mlango umefungwa.

Ugonjwa uliomngojea ni nimonia. Kulikuwa na mengine, bila shaka: kuhara damu, homa ya matumbo kwa sababu ya maji machafu, magonjwa ya kukosa mboga mbichi. Lakini nimonia ilikuwa na tabia yake. Iliwakamata zaidi wageni, katika miezi yao ya kwanza.

Kwa nini wageni? Hapa njo pahali ambapo maelezo ya kisayansi yanatusaidia kuelewa historia. Baridi peke yake haileti nimonia. Kijidudu kinachoitwa pneumokoki kinakaa kwenye pua na koo za watu wengi bila kuwadhuru. Katika chumba kilichojaa watu kinaruka kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Aliyetoka kijiji kidogo, ambako watu si wengi, hajawahi kukutana na aina zote za kijidudu hicho, na mwili wake haujajifunza kupigana nazo. Mchoshe kwa safari, mnyime chakula, mlaze kwenye moshi, mtoe nje saa kumi na moja alfajiri kwenye baridi: umemfungulia mlango.

Katanga haikuwa peke yake. Kwenye migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini, hali ilikuwa hiyohiyo na hata mbaya zaidi, na inafaa tukae kidogo pale, maana yaliyofanyika Johannesburg yalipanda treni yakafika mpaka kwetu. Wafanyakazi waliotoka nchi za joto za kaskazini walikufa kwa nimonia kwa wingi kiasi kwamba mwaka 1913 serikali ya Afrika Kusini ilikataza kuchukua watu kutoka kaskazini ya latitudo 22. Kabla ya hapo, 1911, wenye migodi walimwita munganga maarufu kutoka London, Almroth Wright, aje atengeneze chanjo. Alichanja maelfu ya wafanyakazi. Matokeo hayakuwa makubwa, lakini mwenzake aliyebaki, Spencer Lister, aligundua kwamba pneumokoki si mmoja: kuna makundi mbalimbali, na chanjo ya kundi moja haikingi dhidi ya lingine. Chanjo za nimonia za leo zimejengwa juu ya wazo hilohilo la makundi. Ile sindano ambayo watoto wa Congo wanapewa tangu 2011 ina ukoo unaofika kwenye kambi zile za wachimbaji. Wanafunzi wa udaktari, mukumbuke kwamba waliochanjwa wa kwanza hawakuulizwa kama wanakubali.

Mtu wa pili aliyeitwa kule ni William Gorgas, Mmarekani aliyesimamia afya kwenye ujenzi wa mfereji wa Panama. Alifika mwisho wa 1913. Wenye migodi walitumaini atawapa dawa. Yeye aliwaambia jambo ambalo halikuwafurahisha: watu wamebanana sana, wapeni nafasi zaidi ya kulala, na vizuri kabisa, waacheni wajenge vibanda vyao na wakae na wake zao na watoto. Alikuwa ameona Panama kwamba wafanyakazi walipotoka kwenye mabweni na kusambaa kwenye vibanda vya familia, nimonia ilishuka. Ushauri huo ulihitaji ardhi na pesa. Sindano ilikuwa bei rahisi zaidi. Munaweza kukisia ni upande gani uliopendwa.

Kwetu, waganga wawili waliofanya kazi Katanga, Mwingereza Pearson na Mbelgiji Mouchet, waliandika kitabu 1923 kuhusu usafi na afya kwenye kambi za wafanyakazi, kutokana na uzoefu wa miaka 18 ya kwanza ya kazi za wazungu huku. Ni kitabu cha watu wa kazi, kinazungumza nyumba, chakula, maji, vyoo. Ninakitaja kwa sababu moja: kinathibitisha kwamba mambo haya yalijulikana. Asituambie mtu kwamba wakati ule sayansi ilikuwa bado haijafika. Ilikuwa imefika, ilikuwa imechapishwa, na ilikuwa kwenye meza za wakubwa wa kampuni.

Mwisho wa 1918 homa kubwa ya mafua ilipanda reli kutoka kusini ikaingia Elisabethville. Hiyo ilikuja wakati mvua zinaanza, kwa hiyo haimo moja kwa moja kwenye hadithi yetu ya kiangazi, lakini ilifanya kazi ileile kwenye vyumba vilevile. Waliokufa ni wengi, na kazi ilisimama mahali pengi.

Sasa, miaka ya 1920, kampuni inabadilika. Wanahistoria wa chuo chetu, wakiongozwa na Profesa Dibwe dia Mwembu, wameandika sana juu ya kipindi hiki, na kila mtoto wa Gécamines anapaswa kusoma kazi zake. Kutoka karibu 1928 Union Minière inaanza kuwapa wafanyakazi kontra ya miaka 3, kuwaruhusu na hata kuwashawishi walete wake zao, kujenga nyumba za familia, kufungua vituo vya kupima watoto wachanga, kugawa posho ya chakula kila juma kwa mke na kwa watoto. Mtu aliyesimamia siasa hiyo alikuwa munganga, Léopold Mottoulle. Tazameni: ni lile lile ambalo Gorgas alikuwa ameshauri, miaka kama 15 baadaye.

Je, walipata huruma? Mimi siamini. Kampuni ilifanya hesabu. Kumleta kijana kutoka mbali, kumlisha njiani, kumfundisha mashine, halafu anakufa mwezi wa tatu au anarudi kwao mwezi wa sita: ni hasara. Mtoto aliyezaliwa kambini, ambaye mapafu yake yamezoea Katanga na mikono yake imezoea chuma, ni mfanyakazi wa bei nafuu. Hata hivyo, tuseme ukweli wote: vifo vilishuka kweli. Mwanamke aliyepika bukari na sombe nyumbani, ukuta wa matofali, chumba cha watu wa familia moja badala ya wanaume wengi wasiojuana, vilifanya kazi ambayo sindano haikufanya. Hesabu ya mwenye mali na uhai wa mfanyakazi zilikutana njiani kwa muda. Wazee wetu walilipa kwa njia nyingine, maana mkubwa wa kambi aliingia mpaka ndani ya ndoa za watu, akakagua usafi wa nyumba, akajua nani amelala wapi. Wakati wa shida ya uchumi ya miaka ya 1930, familia nyingi zilirudishwa vijijini kama vile hazikuwahi kuitwa.

Na nje ya kambi? Mji wenyewe ulikatwa vipande viwili. Kati ya mji wa wazungu na cité ya weusi kuliachwa eneo tupu la mamia ya metre. Sababu iliyoandikwa ilikuwa afya: mbu anayebeba malaria asiweze kuruka kutoka kitanda cha mweusi hadi kitanda cha mweupe. Mbu, kwa hiyo, alipimiwa umbali wake na kujengewa siasa nzima ya mji. Nimonia, iliyokuwa inaua upande mmoja tu wa lile eneo, haikubadilisha ramani.

(Kwa wale wanaopenda kusoma historia iliyoandikwa na watu wenyewe: tafuteni kile kitabu kidogo cha 1965 cha André Yav, kiitwacho Vocabulaire de ville de Elisabethville. Kimeandikwa kwa Kiswahili chetu cha hapahapa, na mtu aliyefahamu kazi ya kuboyi nyumbani kwa wazungu. Hakikuandikwa kwa ajili ya maprofesa, na ndiyo uzuri wake.)

Ninaruka miaka mingi. Gécamines inachukua nafasi ya Union Minière baada ya 1967, na kwa muda hospitali, shule, unga na maji vinaendelea. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto inaporomoka, uzalishaji unaanguka, mishahara inakatika. 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wanaondoka kwa kile kilichoitwa "kuondoka kwa hiari", hiari ambayo kila familia inaweza kuieleza kwa maneno yake. Aliyepoteza kazi alipoteza pia haki ya hospitali ya kampuni. Na umeme, ambao mabwawa yetu kama Mwadingusha yalijengwa kuupeleka migodini kwanza, ukawa kitu cha kubahatisha majumbani.

Hapo njo mbabula inaporudi katikati ya chumba.

Ninataka tukae hapa zaidi, kwa sababu wanafunzi wanakufa. Si hadithi za zamani. Kila kiangazi, tunasikia habari za watu wawili au watatu wamekutwa asubuhi wamelala na hawaamki, mlango umefungwa, mbabula pembeni, makala yamekuwa majivu. Majirani wanaanza kusema sumu, uchawi, mke mwenza. Wakati mwingine matanga yenyewe yanageuka ugomvi wa koo mbili. Kumbe muuaji anajulikana kwa jina tangu zaidi ya miaka 100.

Ni gesi ya monoksidi ya kaboni. Makala yanapowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha, yanatoa gesi hiyo. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Inaingia kwenye damu na kushikamana na hemoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo damu inazunguka mwilini ikiwa imebeba abiria mbaya. Kichwa kinauma, mwili unalegea, kichefuchefu kinakuja. Mtu anasema ni malaria hii, ninywe dawa nilale. Akilala, ndiyo mwisho.

Aliyefungua macho ya dunia juu ya gesi hii alijifunza kwa wachimbaji. Mwaka 1896, mgodi wa makaa ya mawe ulilipuka huko Wales, na mwanasayansi John Scott Haldane alikwenda kuchunguza maiti. Watu walidhani wote wameuawa na mlipuko. Yeye aliona kwamba wengi hawakuwa na majeraha ya kutosha kuwaua: walikuwa wameuawa na gesi iliyobaki baada ya moto. Yeye ndiye aliyependekeza wachimbaji wabebe ndege wadogo aina ya kanari kwenye tundu. Ndege anapumua haraka, mwili wake ni mdogo, anaanguka kabla ya mtu. Uingereza iliendelea kutumia ndege hao mpaka 1986. Sisi ni mkoa wa migodi, lakini elimu hiyo ilibaki mgodini na haikufika kwenye chumba cha kupanga cha mwanafunzi.

Kuna kosa moja ambalo linarudi kila mara. Watu wanajua kwamba moshi ni mbaya, kwa hiyo wanawasha mbabula nje, wanangoja moshi uishe, makala yawe mekundu mazuri, halafu wanaingiza ndani. Wanafikiri hatari imekwisha. Makala mekundu yasiyotoa moshi yanaendelea kutoa gesi, na sasa hakuna hata moshi wa kukuonya. Kuacha dirisha wazi kidogo kunapunguza, lakini hakumalizi hatari, hasa kama kuna mtoto mchanga au mama mwenye mimba, ambao wanaumia mapema kuliko wengine. Na nyumba nyingi za zamani mjini zilijengwa na matundu ya hewa juu ya dirisha. Mwezi wa sita tunayaziba kwa matambara na magazeti kwa sababu ya baridi. Fundi aliyeyaweka alikuwa na sababu yake.

Mbabula ibaki nje, basi. Ndani muongeze nguo, soksi, blangeti, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa miguuni. Ukikuta mtu amezidiwa kwenye chumba chenye mbabula, fungua mlango, mvute nje kwenye hewa, na mumpeleke hospitali hata kama ameamka na kusema amepona, kwa sababu anahitaji oksijeni na uangalizi. Maziwa tunayowanywesha hayaondoi gesi kwenye damu, na ukimnywesha mtu asiyejitambua unaweza kumkaba.

Kuhusu makala yenyewe ningeweza kuandika makala nyingine (samahani kwa mchezo wa maneno). Pori la miombo lililozunguka mji limekatwa mbali sana, na wale vijana tunaowakuta alfajiri kwenye barabara ya Kasenga au ya Likasi, wanasukuma baiskeli zenye magunia marefu kuliko wao, wanatembea kwenye baridi ileile na vumbi lilelile. Kifua chao nani anakipima?

Vumbi, sasa. Mvua ikikosekana miezi mitano, barabara ya udongo mwekundu inakuwa unga, na malori ya madini yanayoshuka Kasumbalesa yanaupandisha hewani. Vumbi la kawaida linawasumbua wenye pumu na linakausha koo na pua, ambazo ni walinzi wa kwanza wa mapafu. Lakini vumbi la kwetu si la kawaida. Mwaka 2009, Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzake wa Leuven, walitoa matokeo ya kupima mkojo wa watu zaidi ya 350 katika Katanga. Wanaokaa karibu na migodi na viwanda walikuwa na kobalti nyingi sana mwilini kuliko wanaokaa mbali, na watoto walikuwa kati ya walioathirika zaidi. Mtoto anacheza chini, anaweka vidole mdomoni. 2018 timu hiyo ilionyesha hali ya Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu walichimba mpaka chini ya vyumba vyao wenyewe: vumbi la ndani ya nyumba lilikuwa na kobalti nyingi, na damu na mkojo wa watoto vivyo hivyo. Halafu 2020 ukatoka utafiti mwingine wa Lubumbashi juu ya watoto waliozaliwa na ulemavu unaoonekana. Ulikuta kwamba hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto ambao baba zao walifanya kazi za madini. Baba, si mama tu. Kwa miaka mingi tulikuwa tunamwuliza mama alikula nini.

Mambo ya kufanya nyumbani si ya ajabu: kufagia baada ya kunyunyiza maji, kupangusa kwa kitambaa chenye maji badala ya kupiga vumbi, kuosha mboga za sokoni vizuri kwa maji safi, kunawa mikono ya watoto kabla ya kula, na yule anayerudi kutoka mgodini kuvua nguo za kazi kabla hajambeba mtoto. Kunywa maji hata kama husikii kiu, kwa sababu baridi inadanganya na hewa kavu inakunywa wewe. Lakini nyumba moja haiwezi kufagia barabara ya malori. Kumwagilia barabara maji, kufunika mizigo, kupima hewa na kutangaza matokeo ni kazi ya kampuni na ya serikali. 1923 ushauri ulikuwa umechapishwa na kungojewa. Tangu 2009 nao umechapishwa.

Jambo la mwisho ni ombi. Wengi wetu bado tuna babu, nyanya au mjomba aliyekulia kwenye kambi ya Union Minière au Gécamines. Vakansi hizi muwaulize, na muandike kwa mkono au murekodi kwenye simu: chumba kililala watu wangapi, walipewa blangeti ngapi, moto uliwashwa wapi usiku wa mwezi wa saba, nani alikufa kifua na alizikwa wapi. Kumbukumbu za kampuni zinaeleza idadi ya tani. Majina ya waliokufa kambini kabla ya 1928, mengi yako vichwani mwa wazee wachache, na wazee hao nao mwezi huu wanakohoa.